Muhtasari wa Ajenda Namba Nne

Mimi ndiye ninayeandika.
Jina langu liko chini kabisa ya mahudhurio,
baada ya waalikwa, kabla ya dereva.

Ukumbi wa halmashauri, Mafinga, saa nne na robo.
Ukungu umesimama dirishani kama mdai.
Madiwani hawajavua makoti. Chai ya tangawizi inapita.
Ajenda namba nne: ada ya leseni za vileo.

Mweka hazina anasoma
kwa sauti ya mtu anayehesabu mbuzi wa mwenzake:
baa, laki moja; duka la jumla, laki mbili;
kilabu cha pombe za asili, elfu themanini kwa mwaka,
kiwe na bati, kiwe turubai na benchi mbili.

Mheshimiwa Lunyungu anasimama.
Ana baa mbili na jokofu lenye taa ya buluu.
Anasema usawa. Anasema sheria ni msumeno.
Hasemi mpini kashika nani.
*Mjumbe alichangia*, naandika.

Mheshimiwa Nyalusi, mzee wa kanisa, anataka vifungwe vyote.
Anasema vijana wanaanza kunywa kabla ya uji.
Ni kweli. Nimewaona.
Mmoja nilimwokota mtaroni, viatu vimeibwa,
nikamwita kwa jina la nyumbani, na hakuitika.
*Mjumbe alitahadharisha.*

Kisha Desderia Mgovano, viti maalumu,
hakusoma popote, alivua miwani tu:
"Mlanzi unatoa lini?"

Kimya. Afisa biashara, mgeni wa Lindi, anapekua makabrasha.

"Masika. Mvua ikikata, mwanzi unakauka kama mkono wa bahili.
Mtu anagema miezi mitano, mnamtoza kumi na miwili.
Hiyo saba auze nini, harufu?
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Haya, akitozwa atalitia nini?"

Ukumbi ukacheka.
Mganga mkuu hakucheka.

Sasa, pembeni mwa meza kulikuwa na kielelezo:
dumu la njano, lita ishirini,
lililokamatwa Jumanne kwa Sekalolo wa Kinyanambo, hana leseni.
Afisa wetu alikuwa amelibana kizibo kwa mikono miwili,
akaongeza na mpira wa baiskeli.
Mtoto wa huku hafanyi hivyo.
Ulanzi huachiwa pa kupumulia.
Ilikuwa Alhamisi. Tangu Jumanne dumu linavimba,
linasikiliza hoja, linameza maneno,
na Mwenyekiti alipotamka "kwa mustakabali wa—"

likasema.

Kizibo kiligonga picha ukutani.
Povu likashuka juu ya bajeti, juu ya kofia ya Nyalusi,
juu ya kanuni, kifungu cha tatu mpaka cha saba.
Na Lunyungu, wa jokofu, wa taa ya buluu,
akafumba macho, akavuta pumzi:
"Mkangafu huu," akasema taratibu. "Huu umekomaa."
Kwa sekunde moja alikuwa mtoto wa mtu.

Kisha wakapiga kura.
Kumi na wanne kwa tisa. Elfu sabini na tano.
Walipunguza elfu tano, wakajipigia makofi.

*Kikao kilisimama dakika tano ili sakafu ipigwe deki.*
*Kielelezo kilijiharibu chenyewe.*
Sikuandika kwamba ada yangu ya kidato cha kwanza
ililipwa kwa noti zilizolowa,
mhasibu akazianika dirishani, akijifuta vidole,
na darasa zima likajua mama yangu anauza nini.
Muhtasari hauna safu ya mambo hayo.

Jioni nilibeba dumu tupu hadi Kinyanambo.
Sekalolo alikuwa akichonga kisu cha kugemea.
"Wamesemaje?"
Nikamwambia.
Hakujibu. Alinusa mdomo wa dumu,
akalisuuza mara mbili, akalipindua uani likaukie juani.

Jua halikuwepo.