Mimi Nani?

Chumba cha seva, Makole, saa nane usiku.
Nje upepo wa Julai unapepeta vumbi;
ndani Sechelela kavaa koti la mumewe,
anabisha hodi kwenye ghala la data, Mtumba.

Ghala linauliza: nani?
Seva inajibu: mimi.
Mimi nani? Hata mwizi huitika mimi.

Basi kaandika neno la siri, herufi kumi na sita,
huku na huko, sawasawa, kwa mkono wake.
Neno lenyewe halisafiri kwenye waya:
ghala hutupa fumbo lenye muhuri wa saa,
seva hulifumbua,
kisha nayo huuliza: na wewe je, ndiwe?
Kama kwao Hombolo, mbukwa haiishi
mpaka iitikiwe.

Fumbo limefumbuliwa. Mlango, kimya.
Mara ya pili. Kimya.
Chai imepoa, utando juu.

Ndipo akaitazama saa ya seva:
umeme ulipokatika jioni
ilibaki nyuma dakika saba.
Jibu sahihi, la wakati mwingine.

Akaisogeza.
Hati ya kwanza ikafunguka: kiwanja namba 212, Nala,
jina la mwenyewe limekosewa.

Hilo, kesho.