Dagaa Walianikwa

Mwalimu Lugoye amekata sentensi yetu kwa wino mwekundu.
Tuliandika: Mama Ng'walu alituanikia dagaa.
Juu yake kaandika: Dagaa walianikwa.
Ripoti ya sayansi, amesema, haina mama wa mtu.

Sawa. Dagaa walianikwa.
Gramu mia tano juu ya jiwe, mia tano mchangani,
mia tano kwenye chanja ya wavu, kimo cha goti,
kila kundi mara tatu,
bahati isije ikajifanya ushahidi.
Mizani iliazimwa dukani kwa Bwire
kwa sharti irudi kabla ya wateja wa sukari.
Sampuli zilipimwa saa tatu, saa sita, saa tisa.
Nadharia tete: jiwe litashinda.
Nani asingedhani hivyo? Mawe ya Igombe mchana
huyakanyagi pekupeku.

Haikuandikwa kwamba Nyabwire
aliyatetea mawe kama mtu anayetetea ukoo wake,
wala kwamba siku ya pili wingu lilitokea upande wa Ukerewe
likatukuta kwenye mtihani wa Jiografia,
tukitazama dirishani
mvua ikinyeshea jedwali letu.
Turubai lilitandazwa.
Turubai halikujitandaza.

Halafu kunguru.
Walikuja na shemeji zao.
Safu ya saba, chanja ya kwanza, ikabaki na kistari.
Nyabwire akasema tujaze wastani wa ya nane na ya tisa,
nani atajua?
Nilishika kalamu. Kwa kweli niliishika.
Namba niliyoitaka ilikuwa mia moja thelathini na nne,
namba nzuri, ina sura ya ukweli.
Mama Ng'walu alikuwa pembeni anapepeta mchanga
kwenye dagaa wake, wale wa kuuza,
akasema bila kuinua kichwa:
Mimi nikiuza debe, mteja huingiza mkono mpaka chini.

Tukaandika: Haikupimwa. Kunguru.

Na jiwe halikushinda.
Juu liliwakausha mpaka wakakunjika,
tumboni walibaki wabichi, na inzi walilijua hilo kabla yetu.
Chanja ilishinda, upepo ukipita juu na chini.
Tulikwenda kumpa habari tukikimbia.
Akacheka. Chanja anaijua, alisema,
tangu mwaka ule walipokuja watu wa mradi;
mradi uliondoka, mbao zikaliwa na mchwa,
zilizobaki akapikia uji.
Mbao moja ni bei gani siku hizi, mnajua?
Hatukujua. Hatukuwa tumeipima.

Usiku ule tuliongeza ukurasa kwenye Majadiliano:
bei ya mbao, misumari, wavu wa zamani,
na debe ngapi za dagaa zitalipa chanja moja.
Mwalimu alisoma kimya, akaweka alama ya vyema,
ila ile sentensi ya kwanza hakuirudisha.

Leo, ukumbini Nyamagana, meza namba kumi na tisa.
Gamu ya bango letu inaachia kwenye kona.
Kushoto kwetu wavulana wa Sengerema wana mtambo unaowaka taa;
sisi tuna harufu.
Jaji ameinama, miwani puani,
kidole kimeteremka jedwalini, kimepita kistari cha saba,
kimerudi, kimetulia, kimepanda mpaka mwanzo kabisa.
Hapa, anasema. Walianikwa na nani?

Nyabwire ananitazama.
Herufi ndogo vile, hiyo w,
na imemficha mtu mzima na turubai lake.

Tumebakiwa na dakika mbili.
Tunazitumia zote.