Mkangazi Uliosimama

Miaka ishirini na sita nimeujua umelala.
Umelala juu ya meza yangu pale Masindi,
umepasuliwa, umepigwa randa,
unanuka kama chai iliyosahauliwa jikoni,
nami nikiugeuza ubavu huu, ubavu ule,
kama muosha na maiti wake.
Milango mia nne na ushei. Vitanda sikuhesabu.
Majeneza nayahesabu, ila sisemi.

Kisha mwezi uliopita mtoto aliyetumwa kigoda cha nyanya yake
akaegemea msumeno uliozimwa, akauliza:
Na majani yake yakoje, fundi?
Nikakohoa.
Ya kijani, nikasema.

Ndiyo maana leo bodaboda imenishusha Busingiro
na hema la kuazima, sufuria moja, muhogo wa kuchemsha,
buti za shemeji zinazonipwaya.
Mlinzi wa msitu hakuanza na kibali.
Empaako yako nani?
Araali.
Haya, Araali. Peke yako?
Peke yangu.
Akaandika daftarini maneno mengi kuliko hayo.

Jua lilibaki barabarani na malori ya miwa.
Humu ndani mwanga huja kwa chenji,
sarafu moja hapa, moja pale,
na zikianguka hazilii.
Siafu walikatiza njia; nikawapisha,
wao walikuwa na safari, mimi na matembezi tu.
Ng'ambo ya kijito sokwe walipiga mizizi
iliyosimama kama kuta za nyumba isiyoezekwa,
du, du, halafu kimya,
kama mpangaji anayebisha na kughairi.

Nao nikaupita.
Ndiyo, nikaupita, mimi, fundi,
hatua thelathini nikarudi
kwa sababu ya jeraha: mtu kabandua gome, dawa ya homa,
na ndani yake wekundu ule ule
usiotoka kuchani mwangu hata siku ya Idi.

Nikatoa tepu. Mazoea.
Tepu ya mita tano iliisha kabla sijaurudia mwanzo.
Nikatazama juu mpaka kofia ikaanguka.
Na kichwa kitupu kikaanza kupiga hesabu peke yake:
mbao mbili kwa kumi na mbili, milango hamsini na kitu,
ada ya Kabasinguzi hadi chuo,
bati za jikoni, deni la Isingoma...
Nikaona haya,
kama mgeni aliyekaribishwa chakula
akaanza kuhesabu vijiko.

Usiku mvua ilifika juu mapema;
chini ilichelewa robo saa nzima.
Perere alilia gizani
mlio wa bawaba iliyokosa mafuta,
nikajigeuza, nikawaza: dirisha hilo sikulitengeneza mimi.
Saa nane nilitoka kwa tochi,
nikaweka kiganja kwenye gome.
Watu husema unasikia kitu.
Nilisikia vidole vyangu vinne na baridi
pale kilipokuwa cha tano,
kilichobaki kwenye msumeno mwaka aliozaliwa kitindamimba.
Mti haukudai. Haukusamehe pia.
Ulikuwa na maji ya kupandisha.

Asubuhi nikayatafuta majani.
Yako mbali mno, yamechanganyika na ya jirani,
huwezi kusema hili la nani.
Nikaokota moja chini, limelowa,
kijani upande mmoja, upande wa pili rangi ya kutu,
nikalichomeka mfukoni kwenye penseli.
Huenda ni lake. Huenda si lake.

Mtoto atakuja Jumamosi, kigoda bado hakijapata mguu wa tatu.
Na kuna kitanda cha harusi cha watu wa Kihande,
mbao zimekauka, zimeegemea ukuta,
zimesimama, sasa nakumbuka,
mimi ndiye huzilaza.