Herufi Moja

Oulu, Januari. Theluji imefika kwenye kingo za dirisha.
Kompyuta ya Raili imelala chini ya rafu, kifuniko kimefungwa,
kitaa kimoja kinafifia, kinarudi,
kama pumzi ya mgonjwa aliyepata nafuu.

Kibodi iko mezani, na waya wake mrefu.
Anabonyeza. Kimya.
Anabonyeza tena, kwa kiganja kizima.
Hodi mlangoni kwa kiziwi.

Kumbe bawabu wa tundu la USB naye kalala;
hakuna aliyemwambia akeshe.

Basi anaiamsha kwa swichi yake, anazama ndani ya Linux,
saraka ndani ya saraka,
hadi faili dogo lenye neno moja: marufuku.
Analifuta. Anaandika: ruhusa.
Anailaza upya, anagusa R kwa ncha ya kidole,
na skrini ya mezani inapata rangi.

Akaenda kulala ameshinda.

Saa tisa usiku Nökö, paka wake, anakatiza kibodi.
Jiko zima mwanga.
Raili anatoka na soksi moja,
anaikuta barua aliyoikimbia tangu Novemba:
*Kaisu, dada yangu,*
kisha, kwa mguu wa paka, *jjjjjjjj.*

Anavuta kiti. Anazifuta.
Moja anaibakiza,
anaendelea nayo.