Wala

Kumi la kwanza la Ramadhani, jua la saa nane,
nimesimama dukani kwa Shamsa, pale Kibokoni,
nangoja tende robo na uzi mweupe wa kofia.
Kijana mmoja, ndevu zake bado mpya,
akanitazama mdomo, akatazama chini, akatazama tena.
"Mama, wala?"
"Wala," nikamjibu.
Akaondoka na jibu moja, nami nikabaki na lingine.

Sili, mwanangu. Ni ulimi.
Watoka wenyewe kuchungulia, kama mwenye nyumba
aliyesikia hodi na mlangoni hapana mtu.
Warudi. Wazunguka shavu la kushoto ukitafuta
kipande cha tambuu nilichotema mwaka ule
alipozaliwa Munira. Taya lasaga, lasaga
unga usiokuwepo.
Wahenga walisema ulimi hauna mfupa.
Hawakusema kama una mwenyewe.

Kabla ya ulimi zilikuwepo sauti.
Zilikuja kabla sijatimiza arubaini ya uzazi,
zikakaa ndani ya tangi la maji, zikiniita kwa jina la baba:
mtoto huyu si wako, mrudishe majini.
Maji ya tangi au majini wenyewe, sikuuliza.
Twaha akaufunga mkono wangu na wake kwa leso moja,
tukapita Makupa hivyo hivyo, watu wakitutazama,
mpaka kliniki ya Changamwe.
Vidonge vyeupe, kimoja asubuhi, kimoja usiku.
Wiki ya tatu, tangi likawa tangi.
Munira akanyonya, akaota meno, akasoma, akaolewa Likoni.
Basi usiniambie dawa hii ni sumu.
Wala usiniambie ni dawa tu.

Mwaka wa kumi na tisa ulimi ukaanza.
Daktari Mwachofi alivua miwani kabla ya kusema,
nikajua.
"Ni hivyo vidonge, mama. Tukiviacha ghafla
sauti zaweza kurudi, na mdomo usitulie.
Tutapunguza polepole. Tutatazama."
Ipo dawa ya kutuliza, akaniandikia jina lake refu;
mfamasia wa Barabara ya Digo akanionyesha bei kwenye kikokotoo,
hakutaka kuitamka.
Kikaratasi nimekitia kwenye kopo la vifungo,
pamoja na vile visivyo na wenziwe.

Uzi nilikuwa naulainisha kwa ncha ya ulimi,
nikatunga sindano mara moja, hata gizani.
Sasa hunitungia mjukuu.
Vidole bado ni vyangu, alhamdulillahi,
ila hiki cha shahada: juzi nilikikuta
kikipiga kinanda juu ya goti langu, peke yake.
Sijamwambia mtu.

Mwaka jana nikaanza kuvaa nikabu.
Bi Rukiya akanikumbatia harusini:
"Mashallah, shoga, umeongoka!"
Nikaipokea pongezi. Ilikuwa ya mtu mwingine.
Ndani ya kitambaa, ulimi ukaendelea na safari zake.

Twaha huamka kwa daku kabla ya saa kulia.
Haniamshi. Hukaa ukingoni mwa kitanda,
taa ya simu kaifunika kwa kiganja.
Usiku mmoja nikamfuma: watazama nini?
Akaona haya, mzee mzima.
"Ukilala, chote hutulia.
Ni mdomo wako ule ule, wa tulipokuwa tukikaa Kuze."

Kumbe uso wangu upo,
ila hutoka mimi nisipokuwepo.

Nikamwambia, nipige picha.
Jana akanipiga. Akaniamsha, maziwa keshayapasha,
akaninyooshea simu, kioo kimegeukia kifuani mwake,
anangoja niseme niionyeshe.
Nikakaa kitako. Nikafunga leso.
Ngoja, nikamwambia.
Adhana i karibu.
Nile kwanza.