Safu ya Kushoto

Baba hapendi kuandika namba mbele ya shemeji zake,
na mimi ndiye mwenye hisabati ndani ya nyumba,
basi kalamu nikapewa mimi, wa kidato cha pili.
Chora mstari katikati, akasema.
Kushoto chuo cha serikali. Kulia kile cha binafsi.

Barua mbili za Shebwana zilikuwa mkekani,
zimewekewa kopo la maziwa zisiruke,
mlango wa daka u wazi, Langoni yote inapita ikichungulia.

Khalati Barke ndiye aliyeanza:
cha serikali ukikitaja, mtu hukaa vizuri kitini.
Hicho kingine utaulizwa kiko wapi, cha nani, tangu lini.
Ami Lali akacheka. Jina halisomeshi.
Wahadhiri wakigoma, atakula jina?
Hawa wa jengo la vioo humaliza tarehe waliyosema.
Humaliza, akasema Khalati, kwa sababu umewalipa wamalize.
Mchagua nazi hupata koroma, Ami akamtupia.
Na asiyechagua hupewa kifuu.

Mama aliuliza moja tu: atalala wapi?
Hakuna aliyemsikia.
Mimi nilimsikia.

Safu ya kulia ilikuwa nzito.
Laki na thelathini kwa muhula, bado kitambulisho, bado maabara,
bado kitu kilichoitwa maendeleo
ambacho hata Ami Lali hakujua ni nini.
Sikuhesabu shilingi. Nilihesabu punda.
Tunao wanne, hubeba mchanga na mawe kutoka gatini.
Mwaka wa kwanza wanakwenda wawili.
Wa pili anakwenda Kijivu.
Wa tatu anakwenda yule jike, na Baba anabeba mwenyewe.
Na mwaka wa tatu ndio mwaka wangu.

Hapo ndipo kidole gumba changu kilipokaa
juu ya barua ya serikali, mstari wa chini kabisa,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
Malazi hayatolewi. Mwanafunzi ajitafutie chumba.
Nilisoma karo kwa sauti. Nikasoma mkopo.
Chumba sikukisoma.

Safu ya kushoto ikatoka nyembamba, haina hata kufutwafutwa.
Baba akaitazama kama mtu aliyepewa maji.
Shebwana alinitazama mimi.
Alikuwa akikitaka kile cha vioo; alishanionyesha picha,
maktaba inayokesha na taa zake zote.
Akasema, sawa, kama hesabu ndivyo isemavyo.

Sasa yuko bara, mwaka wa tatu,
na mgomo ulikula wiki tisa za mwaka wa pili.
Wanalala watatu kwa zamu, godoro moja,
chumba cha elfu sita, choo nje.
Akipiga simu husema, jina kubwa, shuka fupi,
kisha hucheka kicheko cha mtu anayeazima chumvi.
Baba hukitaja chuo hicho gatini kabla hajaulizwa;
wapakuzi wa saruji wanamwita Baba Profesa.
Hukunja uso, lakini huitika.
Punda wote wanne wapo.
Usiku nawasikia wakijikuna ukutani, nyuma ya kichwa changu.

Jana Baba kaniletea daftari lile lile.
Kumbe amelihifadhi sandukuni pamoja na hati ya nyumba,
huwaonyesha wageni:
kazi ya Mwanatumu, haikosei hata senti.
Ni zamu yako, asema. Chora mstari.

Barua zangu mbili ziko chini ya kopo.
Mstari nimeuchora.
Juu sijaandika chuo chochote.
Nimeanzia chini, pande zote mbili,
kwa wino, herufi kubwa,
mpaka Baba akauliza mbona nakandamiza kalamu hivyo:

KODI YA CHUMBA.