Maikrofoni Yenye Ugonjwa

Jumamosi niliteremka Daraja Kavu
na lari mia mbili na kumi ndani ya soksi.
Mke wangu alijua nakwenda kununua pampu ya maji.
Hata mimi, mpaka kituo cha pili cha treni,
nilijua hivyo.

Pale Tbilisi mali za marehemu huanikwa barabarani:
nishani za vita, vijiko, darubini,
taa za kioo zilizopoteza nusu ya machozi yake.
Na juu ya zulia, kando ya samovari,
maikrofoni nzito kama nyundo,
rangi imebanduka pale watangazaji walipopumulia
habari za mavuno na za mazishi.

Bibi Tsiuri, glavu zake hazina vidole,
hakunificha kitu: “Ina ugonjwa.
Inasikia kupita kiasi. Maji kwenye bomba,
njaa tumboni mwa paka.
Redioni waliitupa kwa umbea.”
Akataka themanini. Nikacheka. Akacheka.
Tukaachana kwa arobaini na tano na sigara mbili.

Rahisi huvunja upishi.
Waya wake haukuingia popote duniani;
adapta peke yake, thelathini na nane.
Kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta
nilikipata kwa kijana aliyeacha kufoka akaoa: sabini,
na ushauri juu ya ndoa, bure.
Hedifoni inayosema sikio la kushoto tu, kumi na mbili.
Panduri ya nyuzi tatu, kigingi kimoja hakipo,
arobaini, kigingi nikachonga mwenyewe.
Zikabaki tano. Nikanunua mkate,
nisiingie nyumbani mikono mitupu.

Tunakaa Gldani, ghorofa ya saba.
Mimi ni fundi wa lifti;
nimezoea kufunga kitu kwa kilichopo.
Stendi ni mpini wa fagio.
Kichujio cha pumzi ni soksi ya nailoni
iliyovutwa juu ya hanga.
(“Pampu iko wapi, Nukri?”
Nikamwonyesha soksi yake.)
Studio ni kabati, na makoti yamebaki humo humo:
sufu hunywa mwangwi
kuliko sponji yoyote ya dukani.

Nyimbo zetu zina sauti tatu.
Figa moja haliinjiki chungu.
Jemali, sauti ya kati, anaendesha lori Poland.
Otari, sauti ya juu, anaishi juu ya kichwa changu,
ghorofa ya nane,
na huu ni mwaka wa kumi na moja hatuamkiani,
kisa pipa la divai
ambalo sina hakika tena nani alilipasua.

Nikarekodi besi.
Nikajisikiliza, nikarekodi ya kati juu yake.
Ya juu niliijaribu mara sita.
Mara ya sita paka alitoka kabatini
akaomba kufunguliwa mlango.

Usiku, wote wamelala, nikaweka sikio la kushoto.
Jokofu lilikohoa.
Lifti yangu mwenyewe ilililia grisi.
Halafu, nyuma ya ubeti wa pili,
nyembamba, ikipita kwenye bomba la joto,
sauti ya juu.

Hakuimba kwa nguvu.
Aliimba kama mtu anayeosha vyombo
na hataki mkewe ajue.
Lakini nilipovuta pumzi, alivuta.
Pale ninapochelewa siku zote, tangu ujana,
alinisubiri.

Fundi wa kweli angeifuta. Angesema ni kelele.
Mimi nilirudisha nyuma, nikarudisha tena,
mpaka mwanga ukaingia kwenye tundu la ufunguo
nikajikuta nimekaa juu ya viatu vya familia nzima.

Kesho ni Jumamosi.
Pampu bado haijanunuliwa. Nina lari kumi na tano.
Nitamtafuta Bibi Tsiuri na zulia lake
nimuulize kama anayo hedifoni nyingine,
iliyoharibika upande wa pili.